Sakeena na Mgombea Aliyejua Kiswahili

Mgeni njoo, mwenyeji afunge komeo.

Hivyo ndivyo Sakeena alivyoigeuza methali ya wahenga, Jumamosi moja ya Septemba, jicho lake likiwa kwenye kitundu cha mlango. Nje alikuwa amesimama mzungu mrefu, vipeperushi mkononi. Sakeena hakuwa akimngoja mtu. Mikono yake ilikuwa na unga wa chapati. Mama yake, Daulat, alikuwa mezani akichambua dengu.

Alifungua kidogo. Mnyororo wa mlango aliuacha palepale.

"Shikamoo mama," mzungu alisema. "Hamjambo humu ndani?"

Sakeena aliduwaa. Kiswahili! Tena si cha kubabaisha. Kilikuwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kama cha jirani zao wa zamani.

"Marahaba," alijibu kwa mazoea. Kisha akakasirika. "Shikamoo ya nini? Mimi na wewe tuna umri mmoja."

"Samahani, dada. Naitwa Jason Tolley. Nagombea udiwani wa kata hii."

"Kiswahili umekitoa wapi?"

"Dar. Nilikaa kule miaka miwili nilipokuwa kijana. Kanisa langu lilinituma."

Lilinituma. Neno hilo lilimwingia Sakeena kama mwiba.

"Kanisa gani?"

"Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wengi hutuita Wamormoni."

Sakeena alipokea kipeperushi kwa vidole viwili, akafunga mlango, akafunga na komeo.

"Nani huyo?" Daulat aliuliza.

"Mtu aliyetumwa."

Familia hii ilikuwa imeishi Weston, Kanada, miaka ishirini na mbili, katika jengo la ghorofa kumi na nne. Kutoka dirishani waliona mto Humber, na treni za uwanja wa ndege zikipita. Lifti iliharibika kila mwezi. Lakini kodi waliimudu, na majirani walijuana.

Sasa palikuwa na barua kwenye friji. Mwenye jengo alitaka kulibomoa na kujenga jengo refu zaidi. Ruhusa angeiomba kwa baraza la jiji, na madiwani wangepiga kura baada ya uchaguzi wa Oktoba. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu. Jengo jipya likiisha, wapangaji wa zamani watarudi kwa kodi ileile, au watatafuta pa kwenda?

"Tumpe kura Sikander," Daulat alisema. "Ndiye diwani wetu, ni mtoto wa Dar, tunasali naye. Muharram hii amekula biriani yangu sahani mbili. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Zahraa, binti wa Sakeena wa miaka kumi na mitano, alikuwa ameshachukua simu. Alielewa kila walichosema, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Alisema kwamba mwanzilishi wa kanisa la Wamormoni aliwahi kugombea urais wa Marekani. Na alikuwa na jeshi lake.

"Jeshi?" Sakeena aliuliza.

Zahraa alitikisa kichwa kukubali.

Sakeena hakungoja zaidi. Alinawa mikono, akafungua kundi la kina mama kwenye Watsapu, akarekodi ujumbe wa sauti.

"Salaam alaykum kina mama. Jihadharini na mgombea anayeitwa Jason. Ni Mmormoni, na anajua Kiswahili kutushinda. Dini yake tangu zamani inataka kutawala. Kanisa lake limemtuma aichukue kata hii. Jengo letu likibomolewa, watajenga kanisa lao hapa."

Sentensi ile ya mwisho hakuna aliyemwambia. Ilitoka yenyewe, kama maziwa yanavyofurika sufuriani. Kabla chapati hazijaiva, ujumbe ulikuwa umefika mtaa wa Lawrence Heights. Saa moja baadaye binamu yake wa Agincourt, upande wa pili wa jiji, alimrudishia ujumbe uleule. "Umesikia haya?" binamu aliuliza. "Sijui nani kasema, lakini ni kweli kabisa."

Kesho yake, Jumapili, aligonga Clotilda. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, jirani wa mlango wa tatu, na ndiyo kwanza anatoka kanisani kwao Katoliki. Kabla ya kustaafu alifanya kazi maktaba ya jiji miaka thelathini na moja. Aliingia bila kungoja kukaribishwa, kama alivyozoea.

"Daulat, bado unachambua dengu zilezile za jana?"

"Na wewe bado unanuka ubani wa padri."

Walicheka. Kisha Clotilda aliweka simu mezani, akabonyeza. Sauti ya Sakeena ilijaza jikoni.

"Hii ni sauti ya nani?"

"Yangu, Anti," Sakeena alisema. "Na sijakosea. Zahraa amesoma."

"Hujakosea yote. Umekosea mwisho. Tuanze na lililo kweli. Lete chai."

Chai ililetwa. Clotilda alikoroga sukari polepole.

"Mwanzilishi wao aliitwa Joseph Smith. Alikuwa nabii wao. Tena alikuwa meya wa mji wao, Nauvoo, katika jimbo la Illinois. Tena alikuwa jenerali wa mgambo wa mji. Mwaka 1844 akagombea urais. Mwaka huohuo akaunda baraza la siri, watu kama hamsini, kupanga ufalme wa Mungu hapa duniani."

"Si nilisema!" Sakeena alipiga meza.

"Ngoja. Gazeti moja lilimkosoa. Yeye na baraza la mji wakaamuru mtambo wa kuchapia gazeti uvunjwe. Akafungwa. Akiwa jela, kundi la watu wenye bunduki likavamia likamuua. Hakumaliza hata kampeni."

"Masikini," Daulat alisema. Kisha akaongeza, "Lakini kuvunja mtambo wa watu!"

"Baada yake akaja Brigham Young. Aliwapeleka watu wake magharibi, Utah. Kule alikuwa mkuu wa kanisa na gavana kwa wakati mmoja. Mwaka 1857 serikali ya Marekani ilituma jeshi kumwondoa. Miaka thelathini baadaye wengine walihamia huku Kanada, Alberta."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

"Hao ni watu wa karibu miaka mia mbili iliyopita. Wewe umezungumza juu ya Jason wa jana. Siku hizi kanisa lao linasema haliungi mkono chama wala mgombea. Wamormoni wamegombea urais Marekani, na kila mmoja aliulizwa, 'Utamtii nani?'"

"Na ukiamini kila kanisa linachosema juu yake lenyewe, Anti, utalala njaa."

Clotilda alicheka. "Vizuri. Usiamini. Kweli yapo mambo ya maadili ambayo kanisa hilo hutoa msimamo hadharani, na waumini husikiliza. Kwa hiyo shaka yako si ujinga. Lakini shaka ni swali, Sakeena. Wewe umelifanya jibu. Hilo la kujenga kanisa hapa umelisoma wapi?"

Sakeena alitazama kikombe chake.

"Mwaka 1960," Clotilda alisema, "Mkatoliki aligombea urais Marekani. Watu wakasema Papa atatawala kutoka Roma. Baba yangu alikuwa karani wa reli Nairobi. Alisoma gazetini, akacheka mpaka akapaliwa. Alisema, 'Mimi Papa hajawahi hata kuniamulia nile nini mchana.'" Alimwelekezea Sakeena kijiko. "Sasa fikiri Zahraa amekua, anagombea udiwani. Mtu anarekodi ujumbe. 'Huyu ni Shia. Ana mwanachuoni wake Najaf, Iraki. Akiambiwa kitu na Najaf, atatii.' Utasemaje?"

Familia yao kweli ilimfuata mwanachuoni mkuu wa Najaf katika swala, saumu na ndoa. Habari za lifti na kodi hawakuwahi kumuuliza.

"Nitasema, muulizeni mwenyewe," Sakeena alijibu taratibu. "Mbele ya watu."

"Basi. Na swali utakalomuuliza Jason, utamuuliza nani mwingine?"

"Sikander?" Daulat alishtuka. "Sikander tunamjua!"

"Mnamjua anavyokula biriani. Mnajua anavyopiga kura?"

Clotilda alimwita Zahraa na kompyuta yake. Alimwonyesha tovuti ya jiji, na mahali panapoandikwa kura za madiwani. Kila kura barazani huandikwa. Jina la diwani, jambo lenyewe, ndiyo au hapana. Mtu yeyote anaweza kusoma, bila ruhusa na bila malipo.

Zahraa aliandika anwani ya jengo la ng'ambo ya barabara, lililobomolewa miaka miwili iliyopita. Alisoma kimya. Kisha, kwa mara ya kwanza wiki ile, akasema kwa Kiswahili.

"Bibi. Sikander alisema ndiyo. Libomolewe."

"Na watu kurudi?"

"Alisema hapana."

Daulat aliziacha dengu. Aliwakumbuka jirani zake wa jengo lile. Mmoja sasa aliishi mbali, saa mbili kwa basi.

"Kumbe zimwi likujualo linakula," alisema.

"Linakula," Clotilda alisema. "Kwa heshima zote na kijiko."

Jioni ileile Sakeena alirekodi ujumbe mwingine. Haukuwa mtamu mdomoni. "Kina mama, lile la kujenga kanisa nililitunga mimi. Si kweli. Lifuteni, na mliyemtumia mwambieni. Ya zamani ya Wamormoni ni kweli, na nitamuuliza Jason mwenyewe. Nitamuuliza na Sikander. Njooni chumba cha mikutano, chini, Jumapili ijayo saa nane mchana. Mimi nitakuwa na karatasi ya maswali."

Jumapili hiyo viti havikutosha. Wagombea wote wawili walikuja. Sakeena alisimama, karatasi mkononi.

"Jason, kwanza nilikusingizia. Nilisema mtajenga kanisa hapa. Nisamehe kwa hilo."

"Nimeshasamehe, dada."

"Usikimbilie kufurahi, swali linakuja. Nabii wenu alitaka urais, ufalme na jeshi. Kanisa likikuambia hivi na wapangaji wakakuambia vile, utamfuata nani?"

Watu waliguna. Jason alikuna shingo.

"Historia hiyo ni kweli," alisema. "Ule mtambo wa gazeti hata mimi unaniumiza. Kanisa haliniambii kura ya nyumba niipige vipi. Siku dhamiri yangu ikigongana na yenu, nitawaambia kabla ya kura, hadharani."

"Na jengo letu?"

"Wapangaji warudi, kwa kodi ileile. Nitaandika."

Sakeena alimwamini nusu. Nusu nyingine aliiweka akiba.

Kisha akageuka. "Sikander bhai, kaka yangu, swali lilelile. Mwenye jengo akikuambia hivi na sisi tukakuambia vile, utamfuata nani?"

Sikander alitabasamu. "Dada Sakeena, mimi ni mtu wenu. Mimi unaniuliza kama mgeni?"

"Jengo la ng'ambo ulisema watu wasirudi. Hii hapa kura yako." Zahraa aliinua karatasi juu. "Kwa nini?"

Tabasamu lilianguka. Alieleza mengi. Alisema baraza lina mambo magumu. Alisema kura moja haibadilishi kitu.

"Kama haibadilishi kitu, kwa nini umekuja kuomba zetu?" Daulat aliuliza kutoka kiti cha mbele. Chumba kizima kilicheka.

Clotilda alileta karatasi yenye sentensi moja: nitapiga kura wapangaji warudi kwa kodi ileile. Jason alitia sahihi. Sikander alitazama watu, akatazama mlango, akatia sahihi. Zahraa alipiga picha.

Oktoba, Sikander alishinda kwa kura chache sana. Kabla ya hapo hakuwahi kushinda kwa kura chache. Jason alimpigia Sakeena simu kumuaga, akasema shikamoo tena, makusudi.

Februari jambo la jengo lao lilifika barazani. Sakeena, Daulat na Clotilda walikwenda, wakakaa nyuma na makoti yao mapajani. Ile picha ya sahihi ilikuwa kwenye simu ya kila mpangaji. Sikander alijua. Alisimama, akasema ndiyo, wapangaji warudi. Wenzake walio wengi wakasema ndiyo. Daulat alilia. Clotilda alimpa leso, akamwambia aache kelele, watafukuzwa.

Alhamisi iliyofuata, baada ya kisomo cha majlis, Sikander alimkuta Sakeena kwenye maegesho ya msikiti. Theluji ilikuwa imerundikwa pembeni. Kina mama walikuwa wakipakia sufuria za chakula garini. Walinyamaza wasikie.

"Nyumba yenu mmeipata," Sikander alisema. "Nimewapigia kura. Lakini uliniweka sawa na mtu baki, mbele ya watu, kama mwizi. Yule Mmormoni ulimwomba radhi. Na mimi niombe."

Sakeena aliweka sufuria chini.

"Yule nilimsingizia, nikamwomba radhi kwa uongo wangu. Swali nililomuuliza sikulifuta. Wewe sikukusingizia. Nilisoma kura yako, nikakuuliza. Kwa kura ya juzi nakushukuru, Sikander bhai. Uchaguzi ujao nitakuuliza tena."

"Kwa hiyo huniombi radhi?"

"Sikuombi."