Mama Pacha Aulizwa Maoni

Mama Pacha alikuwa dobi wa hospitali. Kila asubuhi alifua mashuka ya wagonjwa. Aliyaanika kwenye kamba ndefu nyuma ya jengo, akayapiga pasi, akayakunja manne manne. Mikono yake ilinuka sabuni hata siku ya mapumziko. Kazini alikuwa mcheshi. Lakini nyumbani hakuwa na maneno mengi. Nyumbani msemaji alikuwa Baba Pacha.

Baba Pacha alifanya kazi katika ghala la nafaka la serikali. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Ila akianza kuzungumza siasa, hakuna wa kumzima. Alimpenda Rais kwelikweli. Mdogo wake, aliyekuwa kinyozi mtaa wa pili, hakumpenda Rais hata kidogo.

Zamani ndugu hao walibishana wakacheka. Kisha simu zikawagombanisha. Baba Pacha alipata ujumbe kwenye kundi lake: "Kura ya maoni: Rais apendwa na watu 94 kati ya 100!" Akamtumia mdogo wake. Mdogo wake naye akamrudishia wake: "Kura ya maoni: watu 11 tu kati ya 100 wanairidhia serikali!"

"Umenunuliwa wewe!" kinyozi alisema.

"Na wewe umepotezwa!" Baba Pacha alijibu.

Tangu siku hiyo, miezi miwili, hawakusalimiana. Baba Pacha hakwenda tena kunyolewa kwa mdogo wake. Kwa kinyozi mwingine pia hakwenda, maana aliona haya. Nywele zikaota tu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Bibi, mama yao, aliyeishi na Baba Pacha. "Nimezaa wawili kwa uchungu," alisema. "Leo hawa wanagawana Rais, mimi wananiacha katikati."

Jumamosi moja asubuhi, Mama Pacha alikuwa akichambua mboga mlangoni. Akasikia hodi.

"Karibu," akasema.

Aliingia binti mwenye fulana ya bluu. Kifuani alining'iniza kitambulisho chenye picha yake. Mkononi alishika kishikwambi, ile simu pana kama sinia dogo.

"Shikamoo mama. Mimi ni mhojaji. Natoka katika taasisi ya utafiti. Tunakusanya maoni ya wananchi kuhusu kazi ya Rais na ya serikali."

Baba Pacha alitoka chumbani kama aliyeitwa. "Karibu, karibu! Keti hapa. Umefika penyewe. Haya, niulize."

Binti akatabasamu. "Asante, baba. Kwanza nataka kujua, nyumba hii ina watu wazima wangapi?"

"Watatu. Mimi, mama yangu na mke wangu. Pacha wana miaka kumi na miwili tu."

Binti aliandika kwenye kishikwambi, akakibonyeza mara moja. Akakitazama. "Bahati imemwangukia mama," akasema, akimwonyesha Mama Pacha.

Kisu kikasimama juu ya mboga.

"Yeye?" Baba Pacha alicheka. "Huyu hana habari na siasa. Niulize mimi. Langu ndilo lake."

"Siwezi, baba. Nikiwauliza tu wanaopenda kusema, nitapata maoni ya wasemaji. Nimetumwa kutafuta maoni ya wananchi."

Bibi akacheka kwenye mkeka wake mpaka akakohoa. "Leo umepatikana!"

Lakini Mama Pacha hakucheka. Alimkumbuka mpishi wa hospitali, aliyelalamika mkutanoni kuhusu mishahara. Mwezi uliofuata mpishi huyo alihamishiwa mbali. Labda ilikuwa bahati mbaya tu. Labda haikuwa. Na mume wake alikula mkate wa serikali, kama yeye mwenyewe.

"Mwanangu," akamwambia binti, "naomba unisubiri kidogo. Nimwite jirani."

"Bila shaka, mama. Nitasubiri."

Jirani huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Desimali. Ukimwambia ni saa nne, yeye alisema ni saa nne kasoro dakika tatu. Alikuja na miwani yake, akasoma kitambulisho cha binti mbele na nyuma. Akaomba barua ya taasisi. Akapiga namba ya simu iliyoandikwa humo, akauliza maswali mawili, akashukuru.

"Ni mhojaji wa kweli," akasema. "Usimwamini mtu kwa fulana, Mama Pacha. Vizuri umeniita. Sasa muulize unachoogopa."

Mama Pacha akamgeukia binti. "Jina langu litaandikwa?"

"Hapana, mama. Jibu lako litachanganywa na majibu ya wenzako. Atakayesoma ataona jumla tu. Nitaomba namba ya simu, ili msimamizi wangu ahakikishe kwamba kweli nilifika. Namba hiyo haikai pamoja na majibu. Na ukipenda, usinipe."

"Na nikikataa kuhojiwa?"

"Nitakushukuru na kwenda zangu. Hata ukikubali, unaweza kuruka swali. Unaweza kuniambia basi, nikaacha."

"Na nikikubali, nitapata nini?" aliuliza Bibi kwenye mkeka, ingawa hakuulizwa yeye.

Binti akacheka. "Sina zawadi, bibi. Anayelipia jibu ananunua jibu."

Mwalimu Desimali akaitikia kwa kichwa. "Hapo umesema. Tena msichanganye, jamani. Huu si uchaguzi. Hapa hakuna anayeshinda kiti wala anayekipoteza. Ni kama kupima joto la mgonjwa. Kipimo hakimponyi mtu wala hakimuui. Kinamwambia daktari hali ilivyo leo."

Baba Pacha alikuwa amenuna. "Haya. Nyumba hii imechaguliwaje? Mbona hamkwenda kwa jirani?"

"Nilianzia kwenye duka la vifaa vya umeme, baba. Nikahesabu nyumba. Kila nikifika ya saba, nabisha hodi. Sichagui nyumba nzuri wala mbaya, ya rafiki wala ya adui."

"Na mtawauliza watu wangapi nchi nzima?"

"Elfu mbili na mia nne."

"Ahaa!" Baba Pacha alipiga goti lake. "Elfu mbili na mia nne! Nchi hii ina mamilioni ya watu. Hao wachache watajuaje la wote? Huo ni uongo mtupu."

Mwalimu Desimali alivua miwani, akaifuta kwa upole. "Baba Pacha, kazi yako ni nini pale ghalani?"

"Unaijua. Napima ubora wa mahindi. Lori likileta magunia mia sita, nachukua bambo langu, kile chuma chenye tundu na ncha kali. Nachoma gunia, punje zinatoka, naziangalia. Kama zimeoza, kama zina wadudu, kama ni mbichi."

"Unamwaga magunia yote mia sita?"

"Nina wazimu? Nachoma baadhi."

"Yapi? Yale ya mlangoni?"

Baba Pacha alicheka kwa dharau. "Wauzaji wajanja hupanga mazuri mlangoni. Ukichoma ya mlangoni tu, umeliwa. Mimi nachoma ya juu, ya chini, ya katikati, ya nyuma kabisa. Sichagui kwa macho. Nahesabu tu."

Akakatiza hapo, akakitazama kishikwambi cha binti.

"Haya endelea," alisema Mwalimu Desimali.

"Unataka kusema binti huyu anachoma bambo."

"Sisemi mimi. Umesema wewe. Sasa ule ujumbe wa simu yako, ule wa 94, walimuuliza nani?"

"Walituuliza sisi, kwenye kundi letu. Kundi la wanaompenda Rais." Akashusha sauti. "Mimi nilibonyeza mara tano."

"Magunia ya mlangoni," alisema Bibi.

"Na ule wa mdogo wako, wa 11, ulitoka wapi?"

"Kundi la wapinzani."

"Mlango mwingine, basi," alisema Mwalimu. "Ukiona kura ya maoni, usikimbilie namba. Uliza kwanza: nani aliifanya, na nani aliilipia? Waliulizwa watu wangapi, na walichaguliwaje? Lini? Tena soma swali lenyewe. Kuna swali lina jibu tumboni, kama mtu anayekuuliza, 'Chakula changu kitamu, eeh?' Utasema hapana?"

Mama Pacha alikuwa amesikiliza kila neno. Hofu haikuisha yote, lakini ilipungua. Akanawa mikono, akaikausha kwenye khanga.

"Niko tayari," akasema.

"Naomba tubaki wawili tu," alisema binti. "Ili mama awe huru."

Baba Pacha akatolewa sebuleni kwake mwenyewe. Alitoka na kiti chake, akakaa barazani na Mwalimu Desimali, nywele zake zikipepea. Bibi alisaidiwa kuinuka, akawafuata akicheka.

Ndani, binti alisoma swali polepole. "Mama, unaridhika kiasi gani na jinsi Rais anavyofanya kazi yake? Sana, kiasi, kidogo, au huridhiki kabisa?"

Mama Pacha alifikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kiasi," akasema. "Namwona ni mtu anayetujali."

"Na kazi ya serikali kwa jumla?"

"Si ni kitu kile kile?"

"Wengine wanaona ni kimoja, wengine wanaona ni viwili. Mimi nataka unavyoona wewe."

Basi Mama Pacha akagundua kwamba ana maneno. Alisema anaridhika kidogo tu. Alisema hospitali hupata maji siku tatu kwa juma. Alisema mashuka machafu hurundikana mpaka dirishani, na mgonjwa hulazwa juu ya godoro tupu. Alisema shule imekuwa nzuri, hilo lazima aseme haki. Kisha akaulizwa tatizo kubwa kuliko yote ni lipi. "Maji," akasema. "Andika maji."

Binti aliandika. Hakubisha. Hakusema "lakini". Hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Swali moja kuhusu chama Mama Pacha alikataa kulijibu, na binti akaliruka bila kununa. Baada ya nusu saa kazi ikaisha.

"Nakushukuru sana, mama."

"Mimi ndiye wa kushukuru, mwanangu," alisema Mama Pacha. "Nina miaka arobaini na mitatu. Leo mtu amekuja kwangu, akaketi, akataka kujua ninavyoona."

Wiki tatu baadaye, matokeo yalitangazwa. Mwalimu Desimali alileta gazeti, wakakaa barazani, akasoma kwa sauti. Waliulizwa watu 2,400, mikoa yote, mijini na vijijini. Watu 57 kati ya 100 waliridhika na kazi ya Rais. Walioridhika na kazi ya serikali walikuwa 38. Tatizo la kwanza lililotajwa lilikuwa maji.

"Maji!" Mama Pacha alipiga makofi. "Kumbe tuko wengi!"

"Na hapa chini," alisema Mwalimu, "wameandika kwamba namba hizi zinaweza kupanda au kushuka mbili. Mpimaji mkweli hasemi ametia shabaha kwenye unywele. Anakuambia pia anaweza kukosea kiasi gani."

Baba Pacha alilichukua gazeti, akalisoma mwenyewe kimya. Hamsini na saba. Si 94. Na serikali thelathini na nane, si 11 ya mdogo wake. Akalikunja, akalitia kwapani, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Kunyoa."

Mama Pacha alimfuata kwa mbali. Alimwona mumewe akisimama mlangoni pa kinyozi, akalaza gazeti juu ya meza ya mikasi.

"Mdogo wangu, tumegombana kwa uongo wa aina mbili. Wangu ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wako. Nisamehe."

Kinyozi alisoma. Akasoma tena. "Watu 57?" akasema. "Hao wanampenda kwa lipi?"

"Na hao 43 wanakataa lipi?"

Wakatazamana. Kicheko kikawatoka wote wawili. "Kaa hapa, kaka," alisema kinyozi, akikung'uta shuka la kunyolea. "Umekuwa kama kichaka. Tutabishana nikikunyoa, lakini usitikise kichwa."

Jioni ile walikula pamoja, na Bibi alikaa katikati yao kwa raha zake.

Maji hayakuja kesho yake. Kura ya maoni si bomba. Lakini wakubwa walianza kuulizwa redioni kuhusu ile 38, wakawa hawana pa kukwepa. Baada ya miezi minne, hospitali ikaletewa tangi kubwa. Labda ni kwa sababu ya utafiti, labda kulikuwa na sababu nyingine. Mama Pacha hakujua. Alijua tu kwamba mashuka yalianza kuwahi kukauka kabla ya wagonjwa kulazwa, na alishukuru. Mhojaji mwingine alipofika hospitalini, wenzake Mama Pacha walikimbilia kujificha. Yeye aliwaambia, "Mwombeni kitambulisho, pigeni simu, kisha msikilizeni. Mnaweza kukataa. Lakini msikatae kwa kutojua."

Mwezi wa sita baada ya utafiti, Baba Pacha alipewa barua ghalani. Alitakiwa kuwa msimamizi wa ghala jipya katika mji mwingine. Cheo kilikuwa kikubwa. Zamani angefunga mizigo kwanza, kisha angewaambia wa nyumbani.

Safari hii aliketi karibu na mkewe, akaiweka barua mapajani mwake. Alizima redio.

"Mama Pacha," akasema, "wewe unaonaje?"

Mama Pacha alimtazama. Akaisoma barua mpaka mwisho, bila haraka.

"Asante kwa kuniuliza, Baba Pacha," akasema. Kisha akaanza kumweleza, na mumewe akanyamaza akasikiliza.