Wapagazi wa Ghala la Mpwani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Dongobesh Philomena alipofika ghalani kuazima magunia matupu. Kesho yake alikuwa anavuna vitunguu saumu. Mume wake, Gidion, walimzika wakati wa kupanda. Alilala mzima, akaamka hajiwezi, na kabla ya misa ya Jumapili akawa marehemu. Sasa kila kazi ilikuwa ya Philomena.

Ghala lile lilijengwa zamani na mfanyabiashara kutoka Pangani: kuta nene za mawe, mlango mzito wenye misumari ya shaba. Wazee husema mlango ule ulibebwa mabegani tangu pwani hadi huku juu, na waliobeba hawakurudi kwao. Siku hizi ghala lilikuwa la mzee Joakimu, mnunuzi wa vitunguu. Malori yake yaliondoka alfajiri yamejaa pomoni. Ila hakuna mtu Dongobesh aliyewahi kuwaona wapakiaji wake.

Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Hodi..."

Harufu ya vitunguu ikamjia, na chini yake harufu nyingine. Udongo mbichi, kama wa kaburi lililofukiwa jana.

Halafu akasikia. Puu! Gunia limetuliwa. Puu! Jingine. Kisha mtu akasafisha koo mara mbili, kama anayejiandaa kunyanyua mzigo.

Mh... mh...

Sauti ile aliisikia miaka yote ya ndoa yake, shambani na zizini.

Akaingia.

Watu walikuwa wanapita gizani, mmoja nyuma ya mwingine, vichwa vimeinama, pumba za mahindi zimewaganda midomoni. Hakuna aliyemtazama. Wa mwisho alikuwa Gidion, ndani ya suti aliyozikiwa nayo, imechanika begani.

"Baba Agatha," Philomena alinong'ona, akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. "Ni mimi. Twende nyumbani. Sema neno, hata moja tu..."

Gidion akafungua kinywa.

Hakikuwa na ulimi.

Philomena akamkumbatia, akaanza kumvuta kuelekea nje. Mlangoni alikuwa amesimama mzee Joakimu, mikono nyuma, ametulia kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Shikamoo." Mdomo wa Philomena ulisema wenyewe.

"Marahaba, Mama Agatha. Naona umempata mwenzio."

"Nipe mume wangu, mzee. Nakuomba kwa jina la Mungu. Nitakulimia mpaka nife."

"Mchukue tu." Alisema polepole, kwa upole. "Lakini gunia halikai bila bega. Nitajie mtu mwingine. Jina tu linatosha."

Philomena akawaza watoto wake, akatikisa kichwa. Akawaza majirani. Mkono wa Gidion ulikuwa bado ndani ya wake. Ndipo akamwaza mama mkwe wake, bibi Scolastica, aliyebaki nyumbani na watoto. Bibi amekula chumvi nyingi. Mwenyewe kila siku husema amechoka, Mungu amchukue...

Nini kilimfungua mdomo, hajui mpaka leo.

"Scola..."

Kiganja baridi kikamziba.

Kilikuwa cha Gidion. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akatikisa kichwa, akabandua vidole vya mkewe kimoja kimoja, akarudi gizani, akabeba gunia lake.

Joakimu akasogea kumpisha Philomena. "Wasalimie nyumbani," alisema.

Asubuhi Philomena alirudi pale na katekista Benedict na vijana wa kitongoji. Mzee Joakimu akawafungulia kila kona. Walikuta vitunguu tu, na sakafu iliyofagiliwa. Akawakaribisha chai. Njiani watu wakamwambia Philomena, kwa huruma, kwamba bado msiba haujamtoka.

Nyumbani alimkuta bibi Scolastica jikoni, hajawasha moto.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Vibaya, mwanangu." Bibi alikuwa anajikanda bega la kushoto, uso ameukunja. "Linaniuma kama nimebeba mzigo usiku kucha. La kulia halina neno. Ni hili moja tu."

Nusu, Philomena alijiambia. Nilitaja nusu tu ya jina.

Akaleta mafuta, akaanza kumkanda. Tangu siku hiyo hulala miguuni pa bibi, mlango umefungwa kwa ndani. Na bibi akikohoa gizani, Philomena hukaa, akasikiliza, mpaka amsikie tena akihema.