Jina Nyuma ya Picha

Siku hiyo Tahira alikuwa na safari ya kawaida tu: kupeleka kijijini Minago sare kumi na mbili alizowashonea wanafunzi wa mwalimu Marcelina, kisha arudi Rumonge, mji wake wa kando ya ziwa, kabla giza halijaingia. Mgongo ulimuuma. Macho yaliwaka. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, anakanyaga cherehani tangu alfajiri, na hakukumbuka lini mara ya mwisho aliamka bila kuchoka.

Lakini si sare zilizomtoa nyumbani. Chini ya sare hizo, ndani ya mkoba, alibeba kifuko cha kitambaa chenye picha tano za wachezaji wa mpira. Marcelina alikuwa amempigia simu akamwambia kuna mtu anakaa kwenye kinu cha zamani cha kukamulia mawese, kule ufukweni, anatandika picha kama zile za Tahira.

Picha hizo zilikuwa za Kombe la Dunia la mwaka themanini na mbili, zilizokuja ndani ya karatasi za shingamu, peremende za kutafuna. Jamali, kaka yake, ndiye aliyeanza kuzikusanya. Alipozama ziwani mwaka ule ule, akiwa na miaka kumi na moja, Tahira alizichukua, naye hakuacha tena. Zilikuwa ishirini na nne kamili; yeye alikuwa na ishirini na tatu, na hizo tano za ziada za kubadilishana. Picha namba tisa, ya kipa mwenye glavu nyeusi, hakuwahi kuipata.

Kila Ijumaa baada ya kazi alizipanga mkekani, akazifuta kwa kitambaa kikavu, akazinusa. Utamu wa shingamu ulikuwa bado upo, kwa mbali. Kisha alizigeuza asome nyuma, kwa sababu utoto wao ulikuwa na sheria: ukipoteza picha kwenye mchezo, unaandika jina lako nyuma yake kwa kalamu ya biki, ili mshindi apate kujisifu. Aziza. Hamissi. Jamali. Nusu saa hiyo ilikuwa mapumziko yake ya wiki nzima.

Marcelina alipokea sare, akashukuru, akamwonyesha njia. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya milima ya Kongo.

Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile, likameza nyumba za ufukweni moja moja. Kinu nacho kilikuwa kimeachwa. Maji yalifika mlangoni. Ndani kulinuka mawese yaliyochacha, na matope.

Ti... ti... ti...

Mtu alikuwa amekaa chini, anagonga kopo la maziwa kwa ukucha. Mzee, au si mzee. Uso wake haukukaa mahali pamoja machoni pa Tahira. Nguo zake zilikuwa zimelowa hadi kifuani, na hapakuwa na mvua.

"Amahoro, dada," alinong'ona, akimtakia amani. "Namba tisa iko hapa."

Tahira hakuwa amesema anatafuta nini.

Angeondoka. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angeondoka. Lakini yule mtu alifunua kopo, na kipa wa glavu nyeusi alikuwa juu kabisa, rangi zake mbichi, harufu ya shingamu ikitoka kana kwamba karatasi imefunguliwa sasa hivi. Moyo wa Tahira ukaruka kama wa msichana wa miaka tisa. Akauliza bei.

Mtu yule akasema hauzi, anabadilishana. Akapokea zile picha tano, akazigeuza moja moja, akasoma majina bila haraka. Akachagua ya Aziza.

"Umetoa kwa moyo?"

Tahira akacheka kidogo. Ndivyo walivyoulizana utotoni, ili mtu asije kesho kudai picha yake.

"Nimetoa kwa moyo."

Mtu yule akapitisha kidole gumba nyuma ya picha. Mara moja tu. Wino wa miaka arobaini na zaidi ukafutika kama unga.

Tahira alirudi Rumonge juu ya lori la mawese, namba tisa kifuani, na usiku huo alilala vizuri kuliko alivyolala kwa miezi.

Asubuhi Nadia, binti wa Aziza, alipiga simu.

Aziza alikuwa amekaa mbele ya vitanda vyake vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani. Macho wazi. Anapumua. Kunguru walikuwa wanajilia samaki mbele yake na hakuwafukuza. Nadia alieleza kwamba amemwita mama yake tangu alfajiri, na mama hageuki. Wamempeleka kwa muuguzi, akapima malaria, akapima presha, hakuona kitu. Tahira alichuchumaa mbele ya rafiki yake wa miaka yote, akaita jina lake sikioni, polepole, mara tatu.

Halikuingia popote.

Alijua. Hakumwambia Nadia, lakini alijua. Jioni hiyo alitia picha zote mkobani, akatafuta pikipiki. Petroli ilikuwa imeadimika, wenye pikipiki wakakataa, hadi mmoja akamhurumia. 

Ti... ti... ti...

"Chukua namba tisa yako," alimwambia yule mtu. "Nirudishie Aziza."

"Namba tisa haina jina."

Alisema bila ubaya, kama muuza duka anayeeleza kwamba chumvi imekwisha. Jina hubadilishwa kwa jina, alisema. Tahira akamwaga picha zote juu ya kitambaa alichokitandika yule mtu. Mtu yule alizipitia akizisukuma pembeni. Huyu alikufa vitani. Huyu alikufa ukimbizini Tanzania. Huyu, kipindupindu. Alijua kila mmoja alivyokufa.

"Marehemu sitaki. Wengine ninao."

Akafunua kopo, akatoa picha moja, akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Akaipumulia, na wino wa bluu ukapanda juu taratibu, herufi moja moja, kwa mwandiko wa mtoto.

Jamali.

Tahira aliutambua mwandiko. Alikumbuka kaka yake akirudi nyumbani, jioni ya mwisho kabla ya kuzama, akicheka, akisimulia kwamba amebadilishana picha na mtu mmoja ufukweni.

Zilibaki picha mbili tu za watu walio hai. Moja ilikuwa na jina lake mwenyewe. Jamali aliishinda siku ya Idi, na Tahira aliandika huku analia. Akaisukuma mbele. Hakufikiri sana. Kusema kweli alihisi nafuu, kama mtu anayetua ndoo.

Mtu yule aliitazama, kisha akamtazama yeye.

"Hapana, dada. Wewe umechoka. Aliyechoka hatoi, anatupa."

Ikabaki ya Hamissi.

Hamissi alikuwa fundi wa baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwake, hana mke, hana mtoto. Picha ile hakuipoteza mchezoni. Alimpa tu, siku Tahira alipougua surua, na akaandika jina lake nyuma ili ionekane ameshindwa, wenzake wasimcheke. Tahira alikaa na kidole juu yake muda mrefu. Maji yaligusa kizingiti, yakarudi. Akamfikiria Aziza, watoto wake wanne, wajukuu. Akamfikiria Hamissi, na sauti nyingine ndani yake, ya chini sana, ikauliza: ni nani atakayemlilia?

Sauti ile ilikuwa yake. Hakuweza kumsingizia mtu mwingine.

"Umetoa kwa moyo?"

Tahira akaondoa kidole juu ya picha.

"Nimetoa... kwa moyo."

Kidole gumba kikapita.

Picha ya Aziza ilirudishwa mkononi mwake. Jina lilikuwepo tena, lakini wino ulikuwa mbichi, ukamchafua vidole.

Aziza alikuwa jikoni Tahira aliporudi, anamgombeza Nadia kwa samaki walioliwa na kunguru. Alisema alikuwa mahali penye baridi, penye watu wengi waliosimama bila kuongea, basi. Hakutaka kuulizwa zaidi.

Hamissi walimkuta asubuhi kwenye kibaraza chake, pampu mkononi, gurudumu la mteja mapajani. Macho wazi.

Tahira alirudi Minago mara tatu. Ziwa lilikuwa limeingia kinuni hadi usawa wa dirisha, na hapakuwa na mtu. Alikaa kwa Marcelina hadi jua lizame, akisikiliza, na hakusikia kitu isipokuwa maji.

Mwisho alimweleza Aziza yote. Aziza aliendelea kuchambua ndagala mpaka beseni likaisha. Hakumlaumu, wala hakumshukuru. Kesho yake alfajiri alionekana kibarazani kwa Hamissi akimnawisha uso. Tangu hapo wakagawana bila kupanga: Aziza asubuhi, Tahira jioni baada ya cherehani, na bakuli la uji wa muhogo. Hamissi humeza ukimtilia kinywani. Haongei. Haitiki jina lake. Majirani wanasema Tahira atapata thawabu, naye huinamisha kichwa.

Jumatano iliyopita alikuwa anamlisha kama kawaida, mabega yakimuuma, adhana ya magharibi imekwisha. Barabarani akapita mwanamke mgeni, mwenye kitenge cha Kikongo, anamtafuta mtu. Aliita kwa sauti ya kukata tamaa, sauti ya mtu aliyeita siku nyingi katika miji mingi.

"Kabwe! Kabwe!"

Kichwa cha Hamissi kiligeuka.

Polepole. Kikaelekea barabarani. Midomo yake, ambayo haikuwa imesema neno kwa miezi minne, ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kijana, si ya Hamissi kabisa.

"Naam, mama."

Mwanamke yule alikuwa ameshapita, hakusikia. Tahira alitaka kuinuka amkimbilie.  Lakini angemwambia nini, kwamba jina la mwanawe limekuja kukaa ndani ya mwili wa Hamissi?

Yule aliyekaa mbele yake alirudisha uso, akafungua kinywa akingoja. Uji ulikuwa bado wa moto. Tahira akachota, akapuliza, akapeleka kijiko, huku hajui tena anamlisha nani.