Tika ya Dada Renuka

"Bi Nirjala, unayajua makosa aliyohukumiwa mumeo?"

"Nayajua, mheshimiwa. Aliendesha gari amelewa."

Mjumbe wa baraza la rufaa alivua miwani. Akamtazama Bikesh, kisha wakili wake. Bikesh akainamisha kichwa.

Nirjala alikuja kumtetea mumewe. Uhamiaji walikuwa wamemfutia Bikesh viza ya masomo, na ya Nirjala ilining'inia hapo hapo. Mume akifukuzwa Sydney, na yeye anafungasha. Asubuhi Bikesh alimwambia, "Wewe sema tu mimi ni mtu mzuri. Mengine niachie."

"Hapa hakuna habari ya ulevi," mjumbe alisema taratibu. "Kuna kumtishia mwanamke, kumvunjia mlango, na kumfuata tena baada ya mahakama kumkataza. Walikuwa wapenzi. Renuka, wa mtaa wa Rockdale."

Nirjala aliinuka kitini.

"Dada Renuka? Haiwezekani! Huyo ni dada yake! Sikukuu ya Tihar iliyopita alimpaka tika, ile alama ya baraka ya kipajini, sebuleni kwangu, mheshimiwa. Maandazi ya sel roti nilikaanga mimi kwa mikono yangu!"

Mnepali yeyote anajua: mwanamke akikupaka tika siku ya Tihar, ni dada yako mpaka kufa. Kumtamani baada ya hapo ni laana. Na hawa wawili wakaficha mapenzi yao humo humo! Loo, kuna watu hawaogopi hata Mungu.

"Bikesh, si uliniambia amehamia Perth?"

"Niri, mke wangu, siyo hapa..."

"Wapi sasa? Nyumbani, pale pale alipokupaka?"

Wakili alikohoa. Simu ya Nirjala ikatetemeka kwenye mkoba. Ujumbe wa mama mkwe: "Mwanangu, umeshamwokoa mwenzio?" Aliusoma mara mbili huku machozi yakimtoka.

"Bado unataka kumtetea?" mjumbe aliuliza.

"Nilikuja kusema ni mtu mzuri. Siwezi. Kumbe huyu mtu simjui."

"Unaelewa kwamba viza yake isiporudishwa, na yako imekwenda?"

"Naelewa. Nitarudi kwetu Chitwan, kwa mama yangu. Sitabaki hapa kwa uongo."

Bikesh alimkimbilia kwenye korido, jasho likimtiririka.

"Umetumaliza wote wawili! Una akili kweli wewe?"

"Wewe ulipokuwa unamvunjia mlango, akili ulikuwa nazo?"

Akanywea. Sauti ikawa ya kubembeleza. "Nisamehe, Niri. Shetani tu. Twende nyumbani Nepal, tuanze upya. Mimi ni mumeo."

Nirjala alivua pote, ule ushanga mwekundu wa ndoa, akamwekea kiganjani.

"Tihar ni mwezi ujao. Ukifika Nepal, pitia kwa mama."

Uso wa Bikesh ukachanuka. "Kweli? Utanipokea?"

"Nitakupokea. Nitakupaka tika, kaka yangu."