Barua Mbili za Lavinia

Kila Ijumaa, baada ya wimbo wa taifa, Mwalimu Nabiswa alisimama kwenye ngazi ya ofisi na barua mkononi, na Mwelu Kiema akaanza kuumwa na tumbo.

Hakuwa mgonjwa. Ulikuwa wivu.

Shule yao ya msingi huko Makongeni ilikuwa na sanduku moja la posta. Barua za wanafunzi zikifika, majina yalisomwa mbele ya gwaride zima. Mwaka huo wa 1996, darasa la saba lilikuwa limeshikwa na homa ya marafiki wa kalamu. Ulituma jina, umri na mambo unayoyapenda kwenye gazeti la watoto, yakachapishwa, kisha ukangoja. Mwelu alituma jina lake mara mbili. Hakuna aliyemwandikia, hata mtu wa Thika.

"Roseline Obura!" Mwalimu Nabiswa aliita. "Tena wewe? Nikutafutie kazi posta?"

Gwaride likacheka. Roseline alitembea mbele polepole, kama bibi harusi. Bahasha ilikuwa ya rangi ya waridi na ilinukia marashi.

Roseline alikuwa jirani na rafiki ya Mwelu tangu darasa la kwanza. Baba zao walifanya kazi reli, na nyumba zao zilitumia mfereji mmoja wa maji. Lakini tangu Lavinia aanze kuandika, urafiki wao ulikuwa na mwiba. Lavinia alikuwa msichana wa Mombasa, wa miaka kumi na minne, au ndivyo alivyosema. Alituma stika, riboni, na mara moja saa ya mkononi ya plastiki.

"Ai, Mwelu, usiguse na mikono ya mandazi!" Roseline alisema.

"Kwani ni dhahabu?"

"Usikasirike. Wewe pia utapata wako. Labda."

Hilo "labda" lilimchoma Mwelu wiki nzima.

Siku moja Roseline alimwachia mkoba wake akaenda kucheza netiboli. Nyuma ya bahasha moja palikuwa na anwani ya Lavinia. Mwelu alitazama huku na huku, akainakili kwenye kiganja. Jioni aliandika barua kurasa mbili. Alisema aliona anwani gazetini. Alisema anaimba kwaya, kwamba yeye ni mtoto wa pekee, na kwamba nyumbani hakuna anayemsikiliza. Hilo la mwisho halikuwa kweli, lakini alijihurumia sana alipoliandika.

Jibu lilifika siku ya kufunga shule, mwezi wa Agosti.

"Mwelu Kiema!"

Miguu yake ilikaribia kukimbia. Bahasha ilikuwa ya waridi. Aliificha ndani ya sweta kabla Roseline hajaiona, akaenda kuisoma nyuma ya tangi la maji.

"Nimepata barua nyingi," Lavinia aliandika, "lakini yako pekee ndiyo iliyonifanya nilie. Sisi ni kama mapacha. Mimi pia naimba kwaya. Mimi pia ni mtoto wa pekee. Wakubwa hawatuelewi. Haya yawe siri yetu, usimwonyeshe mamako. Niambie, ukitoka shule nani huwa nyumbani? Nitumie picha yako, lakini si ya sare."

Ndani kulikuwa na picha ya msichana mwenye gauni la manjano, amesimama kwenye ngazi za hoteli.

Yako pekee! Mwelu aliisoma mara tatu. Kisha akaenda moja kwa moja kwa kina Roseline kumwonyesha kwamba Lavinia si wake tena.

Alimkuta Roseline peke yake, akikunja nguo ndani ya mfuko wa karatasi.

"Funga mlango," Roseline alinong'ona. "Kesho naenda Mombasa."

Mwelu alisahau alichokuja kusema. "Na nani?"

"Anti yake Lavinia. Tunakutana saa tatu stendi ya mabasi, ameshanilipia nauli. Nitakaa kwao likizo yote. Wana hoteli, nitasaidia kuhudumia wageni, na nitarudi na viatu vipya."

"Baba yako amekubali?"

"Hajui. Nitaacha barua kwamba nimeenda kwa shangazi Kisumu. Lavinia amenitumia hata maneno ya kunakili."

Wivu ulimpanda Mwelu. Mombasa! Yeye amepata karatasi, mwenzake amepata bahari.

"Anakupendea nini hasa?" aliuliza.

"Ananijua, basi. Tazama jibu lake la kwanza." Roseline alifungua mkebe wa biskuti na kumpa karatasi ya waridi.

"Nimepata barua nyingi," Mwelu alisoma, "lakini yako pekee ndiyo iliyonifanya nilie. Sisi ni kama mapacha. Mimi pia nacheza netiboli. Mimi pia ni kifungua mimba na nina wadogo watano."

Mwanzoni alikasirika tu. Kumbe Lavinia anamwambia kila mtu! Halafu akasoma tena mstari wa mwisho, na hasira ikageuka kitu cha baridi.

Wadogo watano. Mtoto wa pekee.

Angeweza kunyamaza. Kuonyesha barua yake kulikuwa sawa na kusema, "Nilikuibia." Aliitoa ndani ya sweta na kuiweka kitandani.

Roseline alisoma. "Umepata wapi anwani?"

"Kwenye mkoba wako."

"Mwizi wewe!"

"Ndiyo. Lakini soma, Rose. Kwangu hana ndugu, kwako ana watano."

"Labda amekosea."

"Mtu hukosea hesabu ya ndugu zake?"

"Una wivu! Siku zote una wivu! Hukupata wako ukataka wangu, sasa hutaki niende!"

"Nina wivu, ndiyo. Lakini usiende."

Roseline alimtupia barua yake. "Toka. Na ukimwambia mtu, shule nzima itajua wewe ni mwizi."

Mwelu alirudi nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Akisema, Roseline hatamsemesha tena, na kila mtu atasema ni wivu. Asiposema, kesho saa tatu Roseline atapanda basi. Muhula ujao, Ijumaa, jina la Roseline halitasomwa.

Kwa muda mfupi sana wazo hilo lilimpendeza. Hapo ndipo Mwelu alipojiogopa.

Mama yake, Syombua, alikuwa mhazili katika ofisi moja ya Industrial Area. Alifika saa kumi na moja na nusu, akavua viatu na kumtazama binti yake.

"Sufuria hiyo imekukosea nini? Utaitoboa. Sema."

Mwelu alisema yote, pamoja na kiganja na anwani. Akampa barua.

Syombua aliisoma amesimama. "Na ya Roseline inasema vivyo hivyo?"

"Maneno yale yale, Mama. Amebadilisha kwaya na ndugu tu."

"Mimi hupiga chapa barua kama hizi kila siku. Unaandika moja, unabadilisha jina, unatuma kwa watu mia. Huyu si rafiki. Huyu yuko kazini." Alivaa viatu tena. "Twende."

"Mama, Roseline atanichukia."

"Atakuchukia akiwa hapa Makongeni. Hiyo si mbaya."

Kwa kina Obura taa ilikuwa imewashwa. Baba Rose, yaani Sylvance Obura, alikuwa anakunywa chai na mkewe.

"Karibu, Mama Mwelu. Kuna nini?"

"Baba Rose, naomba mkebe wa biskuti wa Roseline uletwe hapa mezani. Na mfuko wa nguo alioufunga leo."

Roseline alianza kulia kabla mtu hajamgusa. Syombua aliziweka barua mbili za kwanza sambamba, akasoma mstari mmoja huku, mstari mmoja kule. Hakupaza sauti. Alipofika kwenye "usimwonyeshe mamako", Mama Rose aliweka kikombe chini, chai ikamwagika.

"Mwelu ana wivu tu!" Roseline alilia.

"Wivu anao," Syombua alisema. "Nitaongea naye. Lakini wivu haukuandika barua hizi."

Asubuhi Baba Rose na Syombua walikwenda polisi na mkebe wote. Saa tatu, afisa mmoja aliyevaa kiraia alikuwa stendi pamoja nao. Walimwona mwanamke mnene mwenye kitambaa cha manjano, kama barua ilivyosema. Pembeni yake walikuwa wameketi wasichana wengine wawili, mmoja wa Dandora na mmoja wa Mathare, kila mmoja na mfuko wake wa nguo. Kila mmoja alikuwa na barua ya waridi. Afisa akamkamata mwanamke huyo.

Lavinia hakuwapo. Hakuwahi kuwapo. Aliyeandika alikuwa mwanamume mzima, na polisi wa Mombasa walimkamata alipokwenda kufungua sanduku lake la posta.

"Wangemfanya nini Rose?" Mwelu aliuliza usiku huo.

Syombua hakuzunguka. "Wangemfungia ndani. Wangemuuza kwa wanaume wautumie mwili wake, na pesa wangechukua wao. Watoto wenzenu wamefanyiwa hivyo. Na si kosa la mtoto, hata kama alikwenda kwa miguu yake. Kosa ni la aliyemdanganya."

Likizo yote Roseline hakumsemesha. Walikutana mfereji, kila mmoja akatazama ndoo yake. Mwelu alimrudishia karatasi aliyohamishia anwani kutoka kiganjani, akasema, "Pole." Roseline akaichana.

Muhula wa tatu ulifunguliwa Septemba. Ijumaa ya kwanza, Mwalimu Nabiswa alikuwa na barua moja tu.

"Mwelu Kiema!"

Alikwenda mbele. Bahasha ilikuwa ya kahawia, ya bei rahisi, na stempu ilikuwa imebandikwa kichwa chini. Aliutambua mwandiko. Katika mstari wa darasa la saba, Roseline alikuwa akitazama viatu vyake kwa bidii.

Jioni Mwelu aliiweka barua mezani bila kuulizwa. Syombua akaisoma.

"Mwelu, wewe ni mwizi wa anwani na bado nimekasirika. Wale wasichana wawili walikuja kwetu na mama zao kunishukuru mimi. Niliwaambia ni wewe. Mama anasema mje Jumapili mle samaki. Mwonyeshe mamako barua hii. R. Obura."

"Hii," Syombua alisema, akiikunja vizuri, "ni barua ya rafiki."

"Umejuaje? Amenitukana."

"Amesema ukweli, na amekutuma kwangu. Adui angekuambia unifiche." Alimrudishia bahasha. "Wivu utakupata tena, wewe ni binadamu. Lakini mtu mzima akikupa zawadi kisha akakuomba siri, usingoje moyo wako uwe safi ndipo useme. Sema ukiwa na wivu, sema ukiwa na aibu, sema hata kama ulikosea wewe kwanza. Tutasafisha hayo mengine baadaye, ninyi mkiwa nyumbani."

Kisha akampa kalamu.

"Sasa mjibu. Ijumaa ijayo na yeye asikie jina lake."