Nilimsamehe Marehemu kwa Kosa Langu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na tatu, mke mmoja, watoto wanne, na sauti ambayo jirani zangu wa Mabatini wanadai inawaamsha samaki ng'ambo ya ziwa. Mimi ni mtu wa kucheka. Hata mkasa huu nitautania hapa na pale, mnivumilie... maana nikiacha kutania nitalia, na karatasi italowa.

Kazi yangu ni ujenzi. Kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi na rafiki yangu Shabani, mwashi, mzaliwa wa hapa mjini, mtu wa swala tano na maneno machache. Shabani hakumaliza darasa la nne. Lakini alikuwa akigonga zege kwa nyundo, anatega sikio, kisha anakuambia linaumwa wapi. Sikuwahi kumwona akikosea.

Mimi nikaona nyundo hainitoshi. Nikajiandikisha masomo ya jioni katika chuo kimoja mjini. Miaka minne! Mchana zege, jioni hesabu. Nilikula chaki nyingi kuliko ugali. Siku ya mahafali nilipita na joho langu mitaa yote, hata mbuzi wa Mabatini walijua nimehitimu. Shabani ndiye wa kwanza kuniita Injinia, tena bila kejeli. Alinionea fahari...

Katika masomo yote nililipenda moja: kukokotoa jengo litaangukaje. Mwalimu alitufundisha kwamba slabu, yaani bapa la zege la sakafu ya juu, haianguki ovyo. Uzito ukizidi, nondo zake zinalegea kwenye mistari fulani, na slabu inajikunja hapo kama mkeka. Wewe unaichora mistari hiyo, unakokotoa uzito utakaoikunja. Akasisitiza: choreni kila namna inayowezekana, kwa sababu ukichora mstari usio wenyewe, jibu litakuwa kubwa kuliko nguvu halisi ya slabu, na litakudanganya. Jibu dogo kuliko yote ndilo la kutii.

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kumbe kuandika ni kazi ya mkono tu.

Mwaka juzi Mama Zulfa, mfanyabiashara wa vitenge, alituita kwake mlimani. Maji ya bomba huko hutoka kwa kubahatisha, akataka tanki kubwa juu ya roshani yake. Roshani ilikuwa ya zamani, imeshikwa na kuta mbili zinazokutana kwa nyuma, na kona yake ya mbele haikuwa na nguzo. Bomba lilifika kwenye kona hiyo, basi tanki tukaliweka hapo hapo.

Shabani akagonga na nyundo yake. Akagonga tena.

"Injinia, huku konani panaitika vibaya," akasema. "Tuweke mirunda ya kuiegemeza kwa chini, tusimamishe nguzo, ndipo tujaze maji."

"Mzee wa nyundo," nikamjibu, "hayo mambo siku hizi yanafanywa kwa kalamu."

Vibarua wakacheka. Nikakaa juu ya mfuko wa simenti, nikachora mstari mmoja tu, unaopita katikati ya slabu, kwa sababu ndivyo swali lilivyokuja kwenye mtihani wangu. Nikakokotoa. Nikatangaza kwamba roshani inabeba matanki mawili, na Mama Zulfa akae juu yake anywe chai.

"Mkinipandisha, mtanishusha wenyewe," akasema Mama Zulfa, akicheka.

Shabani aliitazama karatasi yangu. Hesabu zile hakuzijua. "Haya, kama umesoma hivyo," akasema, akatia nyundo kwenye mfuko. Kisha akashuka chini ya roshani kumalizia plasta ya ukuta... Je, mnaelewa? Mtu aliyesikia kwa masikio yake kwamba zege ni gonjwa, alikwenda kusimama chini yake kwa sababu mimi nilisema.

Adhuhuri tanki lilikuwa limejaa. Slabu haikukatika katikati. Kona ndiyo iliyokatika, kwa mshazari, kutoka ukuta hadi ukuta, ikajikunja na kushuka na maji yote. Tulichimbua kwa mikono. Shabani alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Kesho yake msibani, maneno yalishaenea. Eti Shabani alichimba slabu kwa tindo akaidhoofisha. Mjomba wake akaniuliza mbele za watu: "Injinia, ni kweli haya?"

Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Marehemu hasemwi vibaya."

Maneno ya heshima, siyo? Lakini kila mtu pale alisikia "ndiyo".

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, ustadhi aliuliza kama ilivyo desturi: "Ndugu zangu, mwenzetu anaondoka. Aliyekosewa naye, amsamehe." Watu wakaitikia. Nami nikaitikia, kwa hii sauti yangu kubwa: "Nimemsamehe."

Mjane wake, Mama Mwajuma, akakaa eda miezi minne na siku kumi. Kwa muda wote huo mdogo wake Shabani, ambaye naye ni mwashi, alikuwa akifukuzwa saiti: "Nyie ndio ukoo wa kuangusha roshani." Nilisikia, nikapita kama sikusikia. Nilikonda hadi mke wangu akanibana, nikamwambia yote. Eda ilipokwisha, tukaenda pamoja.

Mama Mwajuma alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu akaniambia nimchoree ile roshani. Nikachora uani, kwa kidole, kwenye vumbi.

"Mstari wako ni upi, shemeji?"

"Huu wa katikati."

"Na tanki lilikuwa wapi?"

"Hapa, konani."

"Sasa mzigo uko konani, wewe katikati ulikuwa unatafuta nini?"

Miaka minne ya chuo, wasomaji wangu... na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Akaufuta mchoro kwa kandambili. "Ulimsamehe mume wangu mbele za watu," akasema. "Hao hao kawaambie ulimsamehe nini."

Ijumaa iliyofuata nilisimama nje ya msikiti, watu walipotoka. Nilieleza kila kitu: nyundo, kicheko changu, mstari mmoja. Wengine walinigeuzia mgongo. Kutoka hapo nilikwenda kituo cha polisi, ambako mwanzo niliuficha mstari wangu, kuandika maelezo upya. Mdogo wake Shabani sasa anapata kazi. Mimi nachanganya zege chini ya mafundi wengine, na Injinia hakuna anayeniita. Mama Mwajuma hajasema kama amenisamehe. Nikimsalimu huitikia, basi. Simharakishi.

Ndugu zangu, someni, hata jioni, hata mkiwa na mvi. Lakini mwenzako asiye na cheti akikuambia kuna hatari, nenda ukaitafute pale anapoonyesha. Na ukikosea, nakusihi, usimwachie maiti kosa lako. Yeye alikwisha kuondoka. Wanaobaki kulibeba ni watoto na ndugu zake.