Akiba Iliyokatwa Mbichi

Kila asubuhi, Jeni alipokuwa akivaa sweta lake la shule, alisikia nyundo ikigonga fremu ya mlango. Ko, ko, ko. Ndivyo baba yake, Lameki, alivyoaga nyumba yake kijijini Yakobi kabla ya kupanda lori la kiwanda kwenda kazini Kifanya.

"Mlango ulishapita ukaguzi tangu tulipojenga, Baba Jeni," mama yake, Vestina, aliitikia kutoka jikoni. "Nenda kazini, watu wanakungoja."

"Naupima kama bado unanipenda," baba alijibu, akachomeka ile nyundo ndogo kwenye mkanda, akatoweka kwenye ukungu.

Nyundo ile ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kiwandani walitengeneza nguzo za umeme, na malori yalipoleta milingoti, Lameki aliigonga mmoja mmoja huku ametega sikio. Mti uliokomaa ulijibu kwa mlio mkavu, wa juu. Uliokatwa kabla ya wakati ulitoa mlio mzito, kama kugonga gunia la viazi. Huo aliukataa. Madereva walimbembeleza, wengine walimtukana, lakini neno lake lilikuwa moja tu: "Huu umekatwa ungali mtoto. Rudisha."

Nyuma ya nyumba, bondeni, kulikuwa na misonobari ya Jeni. Katika ukoo wa baba yake, mtoto akizaliwa hupandiwa miti mwaka uleule, na miti hiyo haiguswi mpaka mwenyewe afike sekondari ya juu, ivunwe kwa mbao, imsomeshe. Kila kiangazi Jeni na mama walifyeka majani kuizunguka ili moto usivuke. Jeni aliifahamu miti yake kama anavyowafahamu wenzake wa darasa la sita. Ulikuwepo uliopinda, uliopigwa na baridi ukiwa mchanga, na ule mrefu wa pembeni ambao kunguru waliupenda.

Mambo yalianza kubadilika Remmy alipoacha kazi. Remmy alikuwa akifanya kazi na baba. Kiwanda kilikuwa na mfuko wa akiba ya uzeeni: kila mwezi sehemu ya mshahara iliwekwa humo, na kiwanda kiliongeza kidogo juu yake. Remmy akaacha kazi, akachukua akiba yake yote, na Jumapili iliyofuata akaja kanisani na viatu vipya vinavyolia kwenye sakafu.

"Fedha imelala tu kule, Lameki," alisema nje ya kanisa. "Utaila lini? Ukiwa huna meno?"

Baba alicheka, lakini tangu siku hiyo akawa mtu wa kuwaza. Alianza kuzungumzia dingidongi, mashine ya kupasulia mbao inayovutwa mpaka shambani. Mwenye dingidongi, alisema, haamrishwi na mtu.

Likizo ya Juni ilipofika, alimwambia Jeni, "Vaa koti. Twende Makambako ukanisaidie kuangalia kitu."

Mzee Bashiru aliuza mashine zilizotumika katika uwanja wake karibu na reli. Alikuwa mfanyabiashara mwenye kofia ya kufuma na maneno machache. Jeni alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kumshika baba yako mkono asiuze viatu?" Akamgeukia Lameki. "Haya ndugu, dingidongi yako hii. Injini haina shida. Bei nimeshakwambia, na sishuki tena, nisije nikakuuzia na nyumba yangu."

Baba aliizunguka mashine akiigongagonga kwa nyundo. Macho yalimng'aa kama ya mtoto siku ya sikukuu. "Nitailipa yote. Akiba yangu ya kiwandani inatosha, imepita kidogo."

"Umeshaishika mkononi?"

"Bado. Naandika barua ya kuacha kazi wiki hii."

Mzee Bashiru akakuna kidevu. "Na umewauliza watakata nini?"

Baba akaangua kicheko. "Wakate nini, mzee? Ile ni jasho langu! Mtu hakatwi kwenye mfuko wake mwenyewe."

"Mimi nauliza tu. Hata gunia la viazi likipita kizuizi cha barabarani linaulizwa ushuru."

"Basi wewe uza mashine, akiba niachie mimi."

Ili mashine isiuzwe kwa mwingine, baba alitoa fedha ya kutanguliza. Aliifungua kutoka kwenye kitambaa chenye maua ya bluu. Jeni alishtuka. Kitambaa kile alikifahamu. Ndicho mama alichofungia fedha ya viazi, ya kununulia mbegu na mbolea ya msimu ujao.

Wakati wa kurudi baba alimnunulia sambusa mbili za moto. "Mama tutamshtukiza na furaha," alisema. "Usimwambie bado. Fedha yake itarudi mahali pake kabla hajaitafuta."

Jioni mama aliuliza, "Makambako kuna habari gani?"

"Kuna baridi kama hapa tu, mama," Jeni alijibu. Sambusa zilimkaa kooni. Swali la Mzee Bashiru nalo halikumtoka. Mara mbili alifungua kinywa amwambie mama, na mara mbili akakifunga, kwa sababu baba alikuwa akimtazama huku akitabasamu.

Lameki aliacha kazi. Mama aliambiwa kwamba kuna mpango mzuri, avute subira. Malipo yalipokuwa tayari, baba alimchukua Jeni mpaka mjini Njombe, kwenye ofisi ya mfuko, ili wakitoka hapo amnunulie viatu vya shule. Dada wa dirishani aliitwa Ema. Alisoma kiasi kilichoingia benki, na baba akainama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Rudia, dada yangu. Hiyo ni yote?"

"Ni yote, baba, baada ya kodi."

"Kodi ya nini? Mshahara wangu ulikatwa kodi miaka yote!"

Ema hakupandisha sauti. "Mshahara ndiyo. Lakini ile sehemu iliyokuja huku kila mwezi haikukatwa, kwa sababu imewekwa kwa ajili ya uzee. Katika mfuko wetu, ukisubiri umri wa kustaafu unakatwa kidogo sana. Ukiitoa mapema, inahesabiwa ni mapato ya kawaida. Na kwa kuwa yako imekuja yote kwa mpigo mmoja, imekatwa kama mshahara wa tajiri."

"Mimi tajiri?" Baba alitazama viatu vyake.

"Kwa mwezi huu mmoja, ndiyo, baba. Halafu ile nyongeza ya kiwanda nayo hukuipata yote, maana umeondoka kabla ya muda."

"Basi nimeghairi. Irudisheni ndani."

"Ikishatoka hairudi," Ema alisema kwa huruma. "Ungekuja kuuliza kabla, ningekueleza bure."

Viatu havikununuliwa. Baba alitembea mbele, na Jeni aliona jinsi mkono wake ulivyopapasa nyundo kwenye mkanda, kama anayetafuta kitu alichokizoea. Fedha iliyobaki haikutosha mashine. Kazi hakuna. Na tarehe aliyowekewa na Mzee Bashiru ya kumaliza malipo ilikuwa inakaribia.

Jumamosi moja mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Jeni alikuwa akimenya viazi aliposikia msumeno wa injini ukinguruma bondeni. Kisu kilimponyoka. Alikimbia akiwa pekupeku.

Misonobari yake ilikuwa ikianguka. Wanaume wawili walikuwa kazini na mnunuzi amesimama kando, ameshika kiuno. Mti uliopinda ulikuwa chini. Ule wa kunguru ulikuwa chini pia, na kunguru wenyewe walizunguka juu wakipiga kelele.

"Baba! Ni miti yangu!"

"Nyamaza, mwanangu." Baba hakumtazama. "Tunajazia pale palipopungua. Mashine ikianza kazi, nitakupandia mingine mara mbili."

Mnunuzi akaguna. "Mzee, tusidanganyane. Hapa mbao hazitoki. Hii ni mirunda, miti ya kuegemezea ghorofa linapojengwa, na bei yake ni ya mirunda. Na ushuru wa mazao ya misitu ni juu yako."

"Ushuru tena?" baba alisema kwa sauti ndogo.

Akainama kwenye mti ulioanguka karibu. Huenda hakukusudia, ni mazoea tu ya mkono, lakini alichomoa nyundo akagonga. Mlio ulitoka mzito, umekufa. Jeni aliusikia. Alikuwa ameusikia mlio ule mara nyingi baba akimwonyesha tofauti.

"Baba," aliuliza huku machozi yakimtiririka, "huu ungeupitisha?"

Lameki alibaki ameinama. Msumeno uliendelea kula shina lingine. Kisha akasimama, akainua mikono yote miwili na kupiga kelele ambayo Jeni hakuwahi kuisikia kwake: "Zimeni! Zimeni hiyo mashine!"

Kimya kikarudi bondeni. Upande mzima wa juu ulikuwa visiki vinavyotoa utomvu. Baba akakaa juu ya kimojawapo, akafunika uso.

Hivyo ndivyo mama alivyowakuta, akiwa bado na sare ya kwaya. Alitazama visiki, akamtazama mumewe, kisha akamtazama Jeni.

"Jeni, ulijua?"

Jeni alipangusa machozi. "Miti sikujua, mama. Lakini Makambako nilijua. Baba alitanguliza fedha yako ya viazi. Na Mzee Bashiru alimuuliza kama akiba itakatwa, baba akacheka. Nilitaka kukwambia, nikaogopa."

"Mtoto hana kosa," baba alisema kutoka nyuma ya viganja. "Nilimfunga mdomo kwa sambusa." Ndipo akasimulia yote, bila kuficha neno.

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alivua viatu vyake vya kanisani, akaingia kati ya visiki, akaanza kukusanya matawi moja moja, na hakuna aliyethubutu kumsaidia mpaka jua lilipozama.

Wiki iliyofuata walikwenda Makambako wote watatu. Safari hii mama ndiye aliyetangulia kuongea, akamweleza Mzee Bashiru ukweli ulivyo.

Mzee alisikiliza, akamgeukia Lameki. "Nilikuuliza, ndugu yangu."

"Uliniuliza, mzee. Nilikucheka."

"Sitaila fedha ya mbegu ya mwanamke. Lakini nilimrudisha mteja kwa ajili yako, kwa hiyo sehemu itabaki. Iliyobaki chukueni, mkapande."

"Tumeshukuru," mama alijibu. Alihesabu, akafunga kwenye kitambaa chake cha maua ya bluu, na mara hii akakichomeka kifuani mwake.

Mbegu zilipatikana, ingawa chache kuliko mwaka uliopita. Kile kilichobaki cha akiba, pamoja na fedha ndogo ya miti iliyokatwa, kiliwekwa benki kwa ajili ya masomo ya Jeni, baba na mama wakitia sahihi pamoja, ili asiwepo wa kukitoa peke yake. Kiwandani nafasi ya baba ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Walimpokea kama kibarua wa kushusha milingoti. Sasa yeye ndiye aliyebeba, na kijana mwenye nyundo mpya ndiye aliyegonga. Jioni alirudi mabega yamechubuka, na asubuhi aliondoka bila kugonga mlango. Jeni alikuwa akivaa sweta lake huku ametega sikio, na kimya kile kilimuuma kuliko visiki.

Mvua za Novemba ziliposhika, baba alileta miche ya misonobari kwenye ndoo. Watatu walishuka bondeni. Mama alichimba mashimo kati ya visiki, Jeni aliweka miche, na baba alishindilia udongo kwa vidole.

"Jeni," alisema akiwa amepiga magoti kwenye tope, "malori mangapi nimeyarudisha kwa sababu miti ilikatwa mapema? Nilijiona mjuzi. Kumbe akiba yangu nayo ilikuwa mti uliokuwa bado unakua, nami niliukata nikiwa nacheka. Kitu kikiwekwa kwa ajili ya siku za mbali, usikiguse kabla hujauliza kitapungua nini, na kabla hujawaambia unaokula nao sahani moja. Kuuliza kusingenigharimu hata senti moja. Kutouliza kumenigharimu kazi, na kumekugharimu wewe miti."

"Na wewe, mwanangu," mama aliongeza bila kuacha kuchimba, "mtu mzima akikwambia ufiche jambo linalokukaa kooni, lilete kwangu. Hata kama aliyekwambia ni huyu."

"Hata kama ni mimi," baba akakubali.

Jeni alitazama mche aliokuwa ameushika. Haukufika hata urefu wa kiganja chake.

"Baba, huu utakomaa lini?"

Baba alifikiri. Matone ya mvua yalimdondoka puani. "Wewe utakuwa mtu mzima, una kwako. Mimi nitakuwa mzee kweli, pengine nimeshindwa hata kushuka huku bondeni."

"Basi nitakuja kuugonga mimi. Nitakwambia umejibuje."

Lameki aliinuka kutoka kwenye tope. Alichomoa nyundo kwenye mkanda, akaipangusa tope kwa shati lake, akampa.

Kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Yakobi, mama alisikia kutoka jikoni mlio aliokuwa ameukosa kwa miezi. Ko, ko, ko. Akachungulia. Jeni alikuwa mlangoni na begi lake mgongoni, na baba amesimama nyuma yake, ameinamisha kichwa, wote wawili wametega sikio.